Zeze la Daktari Zhai

Mtaa wa Daraja la Mkaratusi,
Changshu.
19 Mei.

Kwa Kaka Bolin,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa na mimi nilifunzwa adabu, na ugomvi haufuti adabu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Wifi Peiwen, na kwamba kikohozi cha Jiaqi kimekwisha. Ukitaka kujua habari za huku, paa la jikoni linavuja palepale ulipopaacha, mfereji nyuma ya nyumba umejaa maji kwa mvua za mwezi huu, na Mama ni mzima. Nalirudia neno hilo ulisome mara mbili: Mama ni mzima. Mimi pia mwili wangu hauna neno, ila ini langu linawaka moto tangu Jumanne iliyopita, na sina nia ya kulipoza kabla sijamaliza kuandika.

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kaka, nimekupigia mara nne wiki hii, na mara zote nne umenikatiza kwa ile sauti yako mpya ya pamba: "Suyun, vuta pumzi kwanza. Suyun, nasikia hasira kwenye sauti yako." Ni kweli uliisikia. Ilikuwa hasira, hukukosea hata chembe. Lakini mtu anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua haambiwi avute pumzi. Barua haina wa kuikatiza. Keti uisome hadi mwisho.

Jumanne Shangazi Ruan aliitwa kituo cha polisi cha mtaa kwa mara ya pili. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, aliyepima dawa kwenye kaunta ya Baba miaka arobaini, aliyekubeba wewe mgongoni ulipougua surua, amekalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi watu walipotoka kula chakula cha mchana, kwa sababu wewe umeandika kwamba zeze la Baba limepotea na kwamba ni yeye mwenye ufunguo wa pili wa sanduku lake. Askari mwenyewe aliona haya. Alimletea maji ya moto, akamwomba radhi, akasema imebidi tu kwa kuwa mlalamikaji ni mtu mkubwa Shanghai. Shangazi akamjibu, "Mwanangu, nimeshika mizani miaka arobaini sijaiba hata ganda la chungwa. Zeze nitalifanyia nini? Nikaangie mayai?" Alipotoka magoti yalikuwa yamemkaza, nikamshika mkono hadi nyumbani. Njiani hakukulaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliniuliza tu kama bado unapenda tofu, ile ya maharage ya soya iliyochachuliwa.

Umeniambia unataka lile zeze la nyuzi saba litundikwe ukutani kwenye tawi jipya la Bustani yako ya Sauti Tano, hiyo nyumba yako ya kutibu watu kwa muziki, chini ya taa, ili wateja waone chimbuko. Umewatuma vijana wawili wenye glavu nyeupe waje kulichukua, wakakuta sanduku tupu. Nitakuambia lilipo, na sitaficha kitu. Lakini kwanza utasikia habari ambazo hukuwahi kuziuliza.

Baba alipofariki Agosti ile, Mama hakulia. Wewe ulisema ana moyo wa jiwe la mtoni, umetulia. Ulikaa siku saba ukarudi kazini, mimi nikabaki naye. Kila asubuhi alichemsha maji, akamimina chai kwenye kikombe cha Baba, akaketi kukitazama mpaka kipoe, kisha akakimwagia maua. Hakusema mengi. Mwezi wa Oktoba hakusema kabisa. Nilimpa uji, akanywa vijiko vitatu, akageuza uso. Nilimuuliza kama anaumwa, akawa ananiangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Shangazi Ruan alimshika mshipa, akasema hiyo si huzuni ya mapafu, kwani huzuni hulia. Haya ni mawazo yaliyoganda. Yamemfunga bandama fundo, ndiyo maana hali chakula wala hasemi. Tukampikia mizizi yote aliyotufundisha Baba. Akainywa kwa adabu, akabaki vilevile.

Ndipo ulipokuja Novemba na gari lako jeusi, ukasema nimwachie mtaalamu. Nilikuwa nimechoka, Kaka. Nilikuwa nimefua mashuka kwa maji baridi mwezi mzima. Nikakukabidhi Mama na mfuko wa nguo zake, nikashukuru. Kosa hilo ni langu na silikatai.

Nilikuja kumwona mara tatu majira ya baridi. Mara zote msichana wako wa kitani cheupe aliniambia kwa kunong'ona kwamba mteja yuko kwenye kipindi, nisubiri. Mteja! Nilipoingia nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, spika za masikioni kichwani, macho nusu wazi. Msichana akanieleza kama anayesoma ukutani kwamba asubuhi anapewa sauti ya mti kwa ajili ya ini, adhuhuri sauti ya moto kwa ajili ya moyo, na jioni sauti ya maji kwa figo, zote zikiwa zimepigwa na marehemu daktari mwenyewe, saa nane kwa siku. Nikauliza kama anakula. Akasema mwili wake unajisafisha. Nilimwinua Mama nimkumbatie, nikahisi nimeinua kapu tupu. Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo mliloliita uponyaji.

Kaka, wewe ulilala chumba kimoja na sauti hizo tangu utotoni. Nani alikufundisha kwamba zilikuwa za kumnyamazisha mtu? Umesahau Baba alivyofanya kazi? Mgonjwa aliingia, Baba akamtilia chai, akamuuliza, "Haya, nani kakukosea?" Akanyamaza yeye, mgonjwa akaongea. Wengine waliongea hadi chai ikaisha kwenye birika. Wengine walimtukana mama mkwe wao mpaka majirani wakasikia. Zeze lilikuja mwisho kabisa, baada ya mtu kutoa lake. Wewe umechukua mwisho ukaacha mwanzo. Unawafunga watu masikio kabla hujawauliza kilichowaleta.

Sasa nije kwenye ile siku ya Machi, siku ya sherehe yako. Ulinialika nikaja, nimevaa koti zuri. Watu walikuwa kama mia tatu, maua kila kona, na ukutani picha ya Baba kubwa kuliko mlango. Ukapanda jukwaani ukasema mama yako mzazi alipofiwa alishindwa hata kulala, hana raha, amejaa uchungu, "na leo mtazameni." Wakamleta Mama amevaa hariri ya kijivu ambayo si yake, wakamkalisha kwenye kiti katikati ya taa. Kamera tatu zikamgeukia. Akatabasamu. Watu wakapiga makofi, na mwanamke mmoja karibu yangu akafuta machozi akasema, "Tazama amani ile."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, upande ambao kamera hazikuwa. Ndiyo maana niliona mimi peke yangu yale maji yakimshuka miguuni, yakilowesha hariri, yakitengeneza kidimbwi kidogo chini ya kiti. Mama yetu, ambaye hakuwahi kutoka mlangoni bila kuchana nywele, amejikojolea mbele ya watu mia tatu, na wewe unaendelea kusema maneno ya figo. Nilipanda nikamfunika kwa koti langu. Ulinishika kiwiko ukaniambia kwa meno yaliyobanwa, huku ukicheka na watu, "Usiniharibie." Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Wala mkono wako Mama hakuuona, alikuwa anaitazama taa.

Nilimrudisha nyumbani kwa treni siku ileile. Uliniandikia kwamba nimemwiba mgonjwa na kukata tiba. Video ya siku hiyo bado unaionyesha. Mke wa muuza tambi ameniletea kwenye simu yake akinipongeza.

Asubuhi ya pili nikamwosha Mama nywele. Sikio lake la kulia lilikuwa jekundu, limechubuka kwa nyuma kwa kubanwa na zile spika. La kushoto halikuwa na neno. Ndipo nilipokaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Kaka, Mama hasikii sikio la kushoto! Hasikii tangu kabla hatujazaliwa. Miezi minne umemmiminia muziki upande ambao haupokei, na kwa sababu haonyeshi dalili, wasichana wako wakawa wanaongeza sauti upande wa pili. Hukujua? Au ulijua ukasahau, maana aliyepaswa kukumbuka siku zote ni mimi?

Nikukumbushe basi. Mwaka ule vijana walipopita nyumba kwa nyumba wakichoma vitabu na kuvunja vitu vya zamani, Baba alikuwa ametumwa vijijini kutibu. Mama alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka mmoja tu wa ndoa. Alilishona zeze ndani ya mfarishi wake wa harusi, akatandika kitandani, akalala juu yake akijifanya ana homa. Walimuuliza liko wapi, akasema amelifanya kuni, amelipikia wali. Mmoja wao akampiga kichwani na ubao wa mlango. Akarudia kwamba amelipikia wali. Wakaondoka. Damu ilitoka sikioni siku mbili, na sikio hilo halikusikia tena. Baba aliporudi, Shangazi Ruan anasema alilia sana, akamkumbatia mkewe, akamtibu sikio kwa mikono yake. Kisha akafumua mfarishi kuangalia kama nyuzi zimesalimika.

Basi huyo ndiye Mama niliyekuwa naye Machi, anayekula vijiko vitatu na kutabasamu.

Shangazi Ruan ndiye aliyeleta shauri. Tulikuwa tunachambua maharage uani, akaniambia kwamba tumekosea njia tangu mwanzo, sisi na wewe. Akanikumbusha mafunzo ya Baba: ini ni la mti na bandama ni ya udongo, mti hupasua udongo, na hasira hupasua mawazo yaliyoganda. Huyu hahitaji kutulizwa, ametulia hadi anakaribia kaburi. Anahitaji kukasirishwa. Akanisimulia jinsi Baba alivyomtibu mke wa mfuma hariri aliyenyamaza miezi mitatu baada ya mwanawe kuhamia mbali. Baba alikwenda kwake siku tatu mfululizo, akala maandazi yake ya mvuke yote, hakumwandikia dawa, akasema yana unga mbichi, na siku ya tatu akasema haishangazi mwanawe alikimbia mapishi hayo. Mwanamke alimfukuza kwa kiatu hadi darajani, akimtukana ukoo mzima. Akarudi nyumbani akalia, akala, akapona. "Watu husema hasira hasara," Shangazi akaniambia, "lakini baba yako aliiweka kabatini pamoja na tangawizi."

Tukaanza siku hiyohiyo. Ungetuona ungecheka, au ungetuita wendawazimu. Shangazi akamwambia Mama kwamba miaka yote waliyocheza mchezo wa vigae mezani alikuwa akimwibia, na kwamba hata ile Sikukuu ya Mwezi alikuwa na vigae viwili kwenye mkono wa shati. Mama akatabasamu. Mimi nikamwambia kuku wake wa kuokwa ndani ya udongo alikuwa mkavu siku zote, tulikuwa tunamla kwa huruma. Akatabasamu. Shangazi akamwambia yule mjane wa mtaa wa pili hakuwa anakuja kwa Baba kwa ajili ya kizunguzungu. Mama akamtazama kwa upole, akampigapiga mkono kama anayembembeleza. Shangazi alitoka nje akalia. Siku ya tano Mama akakataa hata vile vijiko vitatu.

Ilikuwa tarehe tisa Aprili, saa sita mchana, jua limefika katikati ya ua. Shangazi alikuwa amekwenda kununua mboga. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mwanzi, na mimi niliingia chumba cha Baba, nikafungua sanduku, nikalitoa zeze. Unajua lilivyo, jeusi, jepesi kuliko unavyotarajia, limepasukapasuka rangi kama tope lililokauka. Nikalibeba hadi uani nikasimama mbele ya Mama. Nikamwambia, "Mama, hili gogo bovu tulitupe." Hakusema. Nikamwambia, "Nalivunja nichochee jiko." Akatabasamu.

Nikalipiga kwenye ukingo wa jiwe wa kisima.

Pigo la kwanza lilitoa sauti, Kaka, nyuzi zote saba pamoja, na sitaisahau. Pigo la pili likapasuka tumbo. La tatu shingo ikakatika, nikabaki nimeshika kipande. Ndipo nikasikia kiti cha mwanzi kinaanguka. Mama alikuwa amesimama. Uso wake, ambao ulikuwa mweupe kama karatasi tangu Oktoba, ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Alinifikia kwa hatua ambazo sikujua anazo, akanizaba kofi nikaona nyota, akanizaba la pili, kisha akashika ufagio. Na akasema! Miezi sita hakuna neno, na neno la kwanza likawa, "Mbwa wee! Mbwa usiye na mama!" Nikakimbia kuzunguka kisima, naye nyuma yangu. "Nimelilipia sikio langu! Sikio langu! Baba yako alilifunika kwa hariri mimi nikalala kwenye unyevu, nikanyamaza, nikanyamaza, na wewe unachochea jiko?" Majirani walipanda kwenye ngazi kuchungulia. Shangazi Ruan akaingia na mboga zake, akaona, akaangusha kapu, akapiga makofi kama yuko kwenye michezo ya kuigiza, huku machozi yakimtoka.

Mama alipochoka aliketi chini kati ya vile vipande, akamlilia Baba. Alimlilia kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Alilia hadi kivuli cha ukuta kikamfunika, sisi tukakaa mbali tusimguse. Kisha akainua kichwa akasema ana njaa na kwa nini katika nyumba hii hakuna mtu anayepika. Alikula mabakuli matatu ya uji na mboga za chumvi, akasema mboga zimeoza.

Basi sasa unajua. Zeze halikuibwa. Shangazi Ruan hakuligusa. Aliyelivunja ni mimi, na vipande vimefungwa kwenye shuka chini ya kitanda cha Mama, ambaye hataki mtu avione. Shangazi hakunitaja mbele ya polisi kwa sababu nilimwomba, na nilimwomba kwa sababu nilikuogopa. Sikuogopi tena.

Ningeweza kuishia hapa, ukaniona binti mwerevu aliyetumia dawa ya baba yake. Shangazi ndivyo anavyoisimulia mtaani kote, na wazee wananiamkia kwa heshima. Ila ni kama nimekuita mwongo katika kila ukurasa wa barua hii, na sitaki nami niifunge kwa uongo.

Kaka, ile haikuwa dawa. Nilipoingia chumba cha Baba ilikuwa dawa. Nilipolitoa kwenye sanduku bado ilikuwa dawa. Nilikuwa nimepanga kulipiga kidogo tu, rangi ichubuke, Mama ashtuke. Lakini nilipoliinua juu ya kichwa na kuhisi lilivyo jepesi, nikagundua kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kulishika. Miaka arobaini na mitano ndani ya nyumba moja nalo. Wewe ulifundishwa kila jioni, ukipiga miayo, ukiangalia dirishani. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nikitwanga maganda, nikizifuata nyimbo kwa vidole juu ya ubao wa kukatia mboga. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomwomba Baba anifundishe. Hakunikaripia. Alinishika mkono, akaugeuza, akasema kwa upole, "Mkono huu ni wa mizani." Upole huo nimeubeba hadi leo. Mgeni yeyote aliyeingia aliulizwa nani kamkosea, na mimi hakuniuliza hata mara moja. Hata mume wangu aliponirudisha, Baba alinishika mshipa, akaniandikia dawa, akaniambia niipime mwenyewe.

Pigo la kwanza lilikuwa la Mama. Mengine mawili yalikuwa yangu. Sikumwona Mama wakati ule wala sikukumbuka sikio lake. Nilikuwa nampiga Baba, na kidogo nilikuwa nakupiga wewe, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia. Nimevunja kitu ambacho mama yangu alikilipia kwa mwili wake, na nimekivunja kwa furaha. Hilo Shangazi Ruan halijui, wala hataki kulijua.

Mama analijua. Juzi alinikuta jikoni akasimama mlangoni. Tangu siku ile anaongea na kila mtu, hata na wachuuzi, ila mimi hunipa amri na matusi tu. Akaniambia, "Ruan anasema ulikuwa unanitibu." Nikaendelea kuosha mchele. Akasema, "Nimekuzaa mimi. Nilikuona uso. Ulikuwa unampiga mtu." Nikasema ndiyo. Akauliza nani, ingawa alijua, na mimi nikamwambia. Akageuza uso kama siku zile za uji, nikadhani tumempoteza tena. Kisha akasema, "Na wala hukunibakizia mimi hata pigo moja."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia hajanisamehe, pengine hatanisamehe, na nisimkodolee macho hivyo, niende nikachimbe udongo mzuri wa mfereji kwa sababu anataka kupika kuku, tuone nani atasema ni mkavu.

Haya ndiyo ninayotaka kwako. Kabla ya Ijumaa nenda ufute mashtaka yako, na neno utakalowaandikia polisi liwe kwamba dada yako ndiye aliyelivunja. Nimetia sahihi karatasi ya pili ndani ya bahasha hii, itumie upendavyo. Uiondoe ile video. Kisha uje nyumbani umpigie Shangazi Ruan magoti, bila kamera, bila kitani cheupe, na ukiingia humu ndani usimwambie mtu avute pumzi. Ukitaka kunipiga, nipo. Ukitaka kuniambia nani kakukosea wewe, kwa maana nawe huenda yupo, chai ipo pia.

Msalimie sana Wifi Peiwen, mwambie zile soksi alizoniletea zinanifaa. Mbusu Jiaqi. Shangazi Ruan anakusalimu, maana huyo hajui kuweka kinyongo, na kesho anakutumia mtungi wa tofu yako kwa basi. Mama hakutumii salamu. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, akasema nisiandike kitu, zako anazo, atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Zhai Suyun